ZIWA LETU LAHITAJI KARANI

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Ukurasa huu wa maoni hutolewa kwa mwanachama mmoja aseme linalomkera au linalompendeza. Mwaka huu nafasi imeniangukia mimi, nami nataka kusema juu ya pesa. Si pesa za benki, la hasha! Nazungumzia pesa zinazopotea hapa Dunga kila siku bila mtu kuziona, kwa sababu hakuna aliyeziandika.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kibanda cha sukari na sabuni analijua hilo. Asipoandika kilichoingia na kilichotoka, siku moja atakuta rafu ni tupu na pesa hazipo, na hatajua amlaumu nani. Sasa nauliza, ziwa hili lina daftari gani? Twaandika kilo za mbuta na ngege zinazopimwa bandarini. Twaandika mashua. Lakini mafunjo yaliyokatwa jana yameandikwa wapi? Moshi alioumeza mama jana jioni umeandikwa wapi?

Kazi ya kuandika daftari la namna hiyo ina wenyewe. Wanaitwa wachumi wa mazingira. Wengi wetu tukisikia neno mchumi twamfikiria mtu mwenye tai anayeeleza bajeti kwenye televisheni. Na tukisikia neno mazingira twafikiria kuokota karatasi siku ya Ijumaa. Maoni yangu ni kwamba mambo haya mawili ni jambo moja, na kwamba Dunga inamhitaji mchumi wa mazingira kuliko inavyohitaji mkutano mwingine wa kuambiwa tusikate miti na mafunjo.

Mchumi wa mazingira ni nani basi? Mwaka 1920 Mwingereza mmoja aitwaye Arthur Pigou alieleza jambo ambalo ukilifikiria ni rahisi tu. Alisema kuna gharama ambazo mwenye kufanya kitu hazilipi yeye, zinalipwa na jirani. Kiwanda kikitoa moshi, mwenye kiwanda anauza bidhaa yake, na mama wa jirani anafua nguo mara mbili. Bei ya ile bidhaa haikuhesabu sabuni ya yule mama. Pigou akashauri kwamba serikali itumie kodi ili anayesababisha hasara ailipie. Tangu hapo wachumi wa aina hii wamekuwa wakiuliza swali lile lile kila waendapo: bei hii mnayoiona, je, ndiyo bei yote?

Nianze na jiko, maana huko ndiko nilikofanya hesabu mwenyewe. Muhula uliopita nilichukua daftari la kurasa 48, nikaliweka karibu na jiko letu, nikaandika kila mkebe wa makaa tulioununua kwa siku 30. Mkebe mmoja ni shilingi 60. Siku za kawaida tulitumia mmoja, siku za maharagwe tulitumia miwili. Mwisho wa mwezi ilikuwa mikebe 39, yaani shilingi 2,340. Kisha nikaenda dukani kuuliza bei ya kujaza mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6. Nikaambiwa 1,200. Kwa familia kama yetu, tuseme mtungi huo ungetufikisha siku 20, kwa sababu maharagwe hayana huruma. Kwa mwezi basi ingekuwa mtungi mmoja na nusu, shilingi 1,800. Kwa hivyo tulilipa shilingi 540 zaidi ili tupate moshi. Jamani!

Nilimwonyesha mama hesabu hiyo nikidhani atafurahi. Aliisoma yote, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo elfu moja na mia mbili nitaitoa wapi siku moja? Sitini naipata kila jioni nikishauza mboga." Isitoshe, kabla ya kujaza gesi lazima kwanza ununue mtungi wenyewe na kichomeo chake, na hapo ni zaidi ya shilingi 3,000.

Wasomaji, jibu la mama ndilo somo lote la uchumi wa mazingira. Mama anajua fika kwamba makaa yanaumiza macho na kumaliza miti. Hana haja ya semina. Shida ni kwamba makaa yanauzwa kwa kipimo cha maskini na gesi inauzwa kwa kipimo cha tajiri. Maskini ananunua kidogo kidogo, na mwisho wa mwezi amelipa zaidi. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zikipika kwa kuni, karibu nyumba 12 katika kila 100 kwa makaa, na nyumba 24 hivi katika kila 100 kwa gesi. Je, hao wote wa kuni na makaa ni wajinga? Hata kidogo.

Ajabu ni kwamba nchi yetu si maskini wa nishati safi. Umeme mwingi wa Kenya unatokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji ya mito, upepo na jua. Hapa karibu, upande wa Nyakach, maji ya mto Sondu Miriu huzungusha mitambo ya megawati 60. Nyaya zinapita juu ya paa, na chini ya paa sufuria iko juu ya makaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majikoni uliwaua watu milioni 3.2 duniani. Hao nao hawamo katika bei ya mkebe wa shilingi 60.

Na msidhani kwamba mambo ya kodi ni ya Nairobi peke yake. Mwaka 2016 serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye gesi ya kupikia. Julai 2021 ikairudisha kwa asilimia 16. Mwaka 2022 ikaipunguza hadi 8, na mwaka 2023 ikaiondoa tena. Chukueni hesabu yangu ya jikoni. Asilimia 16 ya 1,200 ni 192, na kwa mtungi mmoja na nusu ni 288. Ile akiba ya 540 inabaki 252. Kwa hivyo mtu akipitisha kalamu kule Bungeni, mama mmoja hapa Dunga anarudi kwenye makaa. Ndiyo sababu nasema kila mbunge anahitaji mchumi wa mazingira wa kumnong'oneza sikioni kabla hajapiga kura.

Sasa tutoke jikoni twende kinamasini, kwa sababu hesabu ya huko ni ngumu zaidi. Kinamasi chetu cha mafunjo kinafanya kazi nyingi bila mshahara. Kinachuja matope na uchafu unaoletwa na mito kabla haujaingia ziwani. Ndani yake kamongo na kambare wanazaliana, na samaki wadogo wanajificha wasiliwe na mbuta. Mafunjo yenyewe yanasukwa mikeka, vikapu na viti. Wako ndege ambao makao yao ni mafunjo, na wageni hulipia mashua ili waje kuwatazama. Aidha, mafunjo hupunguza nguvu ya mawimbi. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi kufikia kiwango cha miaka ya 1960, yakaingia mashambani na majumbani. Palipokuwa pamefyekwa, wimbi lilikuja bila hodi.

Licha ya hayo yote, mafunjo yanazidi kufyekwa na kuchomwa ili pandwe sukuma wiki na nduma. Nataka kusema ukweli hapa. Mamangu ni mama mboga, na baadhi ya sukuma wiki anazouza zimetoka ukingoni mwa kinamasi hicho hicho. Karo yangu imo humo. Viatu nilivyovaa nikiandika makala haya vimo humo. Kwa hivyo mtu akija na kipaza sauti kutuambia kwamba wanaofyeka mafunjo ni maadui wa mazingira, nitamwambia akae kwanza kwenye kiti chake tufungue daftari.

Mtu akifyeka robo eka, faida inaingia mfukoni mwake wiki chache baadaye. Hasara nayo inagawanyika. Mvuvi anapata samaki pungufu kidogo. Msusi wa mikeka anatembea mbali kidogo. Anayeteka maji anayapata machafu kidogo. Hasara ikishagawanywa kwa watu elfu, kila mmoja anabeba punje, na kwa sababu ya hiyo punje hakuna anayelia. Lakini zikusanye punje zote pamoja uone kama hazitashinda ile robo eka ya mboga! Tatizo ni kwamba hakuna anayezikusanya. Aliyeyaacha mafunjo yake yasimame hapati hata senti, na aliyeyafyeka anaonekana mwerevu. Mkimwambia aache tu, mnamwambia awalishe samaki wa watu wengine kwa njaa ya watoto wake. Kwani wewe ungekubali?

Kwa nini watu wanashuka kinamasini? Sababu mojawapo ni kwamba mashamba ya juu yamechoka. Huko mahindi yanashambuliwa na kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi, na pia na funza watoboao mabua. Bahati nzuri dawa yake imetafitiwa papa hapa kwenye ufuo wa ziwa letu, kule Mbita. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Katika miaka ya 1990 Dakta Zeyaur Khan na wenzake wa kituo hicho, pamoja na wataalamu wa Rothamsted kutoka Uingereza, walitengeneza kilimo kinachoitwa sukuma-vuta. Mkulima anapanda majani ya desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu inawafukuza nondo wanaozaa wale funza, na nepia inawavuta watoke nje ya shamba. Mizizi ya desmodiamu nayo inaizuia kayongo na kurutubisha udongo.

Mchumi anapenda kilimo hiki kwa sababu kila kitu kinaandikwa mara mbili upande wa faida. Nepia na desmodiamu ni chakula cha ng'ombe. Ng'ombe anatoa maziwa na samadi. Samadi inaingia kwenye mtambo wa gesi na kupika chai. Kinachobaki kwenye mtambo kinarudi shambani kuwa mbolea, na mbolea ya kununua inapungua. Mbolea ikipungua shambani, hata ile inayosombwa na mvua hadi ziwani inapungua. Mtu mwenye shamba kama hilo huko juu hana haraka ya kushuka kufyeka mafunjo.

Nimetaja mtambo wa gesi, na najua wengine wenu mnangoja nifike kwenye gugu maji. Haya, tumefika. Gugu hili asili yake ni Amerika ya Kusini. Upande wetu wa ziwa lilionekana mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika yapata hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Fukusi maalumu waliletwa kulila, nalo likapungua, lakini halikuisha. Mpaka leo upepo ukigeuka mashua zinafungwa ndani kama mbuzi zizini. Katika miaka ya karibuni kampuni ya Kenya iitwayo Biogas International, ikishirikiana na kampuni ya dawa ya AstraZeneca na taasisi moja ya Chuo Kikuu cha Cambridge, imeleta hapa Kisumu mitambo ya kugeuza gugu hilo kuwa gesi ya kupikia. Adui anachemsha uji! Mimi nilipolisikia hilo nilipiga makofi.

Hata hivyo makofi si hesabu. Gugu maji linanawiri kwa sababu tunalilisha. Maji machafu ya mjini, mbolea na udongo wa mashamba ya juu, vyote vinateremka ghubani. Mitambo ya nyumbani, hata iwe mingi vipi, haiwezi kumaliza maelfu ya hekta yanayoongezeka usiku na mchana. Tena kuna hatari nyingine. Tukishazoea kupata riziki kwa gugu, tutaanza kuomba lisiishe, na ngege aombe nini? Maoni yangu ni kwamba mtambo tuupende kwa sababu unakula pia samadi na maganda ya jikoni, lakini gugu tuendelee kulihesabu upande wa deni.

Jambo jingine la kuhesabu ni ukarabati. Katika kijiji kimoja cha jamaa zetu mradi mmoja, ambao sitautaja, ulileta mtambo kwa ngoma na picha. Ulipotoboka hakuna aliyejua kuuziba, na waliouleta hawakuonekana tena. Dani, yaani nyanya yangu, anauanikia omena juu yake. Kifaa cha bure kisicho na fundi si cha bure. Mchumi angeandika mshahara wa fundi katika mstari wa kwanza.

Mtu ataniuliza, je, hesabu hizi zote zifanywe na nani? Wako wanaosema mali ya wote haina mwenyewe, basi lazima ilindwe na askari au iuzwe kwa tajiri mmoja. Mwaka 2009 mama mmoja wa Marekani aitwaye Elinor Ostrom alipata tuzo ya Nobel ya uchumi, wa kwanza kati ya wanawake, kwa kuonyesha kwamba hilo si lazima. Alichunguza wavuvi, wafugaji na wakulima wa nchi mbalimbali, akaona kwamba watu wanaotumia ziwa, msitu au malisho pamoja wanaweza kuvitunza wenyewe, mradi wakubaliane sheria zao, wachungane, na mvunja sheria aadhibiwe kwa kiasi. Sisi tunazo kamati za usimamizi wa fuo, BMU, zilizowekewa kanuni mwaka 2007. Mwili tunao. Kilichobaki ni karani.

Na msifikiri kwamba makarani wa aina hiyo huzaliwa Ulaya tu. Profesa Calestous Juma alizaliwa mwaka 1953 Port Victoria, Busia, kando ya ziwa hili hili letu. Alianza kazi kama mwalimu wa shule ya msingi Mombasa, kisha akawa mwandishi wa habari za sayansi na mazingira katika gazeti la Daily Nation. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Harvard, na kitabu chake cha mwaka 2011, The New Harvest, kinaeleza jinsi Afrika inavyoweza kujilisha kwa kutumia ujuzi. Alifariki mwaka 2017. Mtoto wa ziwani aliyeanza kwa kalamu ya gazeti! Sisi wenye jarida tusidharau kalamu zetu.

Sasa nitoe mapendekezo yangu, maana kulalamika bila pendekezo ni kelele za chura.

Kwanza, Chama chetu cha Kiswahili kianzishe Daftari la Dunga. Wanachama kumi, kila mmoja kwao, waandike kuni, makaa, mafuta ya taa na gesi kwa siku 30. Matokeo yabandikwe bandarini kwa Kiswahili na Dholuo. Ripoti nyingi za miradi zimeandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kabatini, na mama aliyehojiwa hajui alichosema kiliishia wapi.

Pili, akina mama wa chama wanaonunuliana vyombo kwa zamu wanunuliane mitungi. Wanawake kumi wakitoa shilingi 330 kila mmoja kwa mwezi, hiyo ni 3,300. Kila mwezi mmoja wao anapata mtungi na kichomeo, na baada ya miezi kumi wote wamepata. Akiba yangu ya 540 inatosha kulipa mchango huo na chenji inabaki. M-KOPA ilituonyesha tangu mwaka 2012 kwamba mtu anaweza kulipia taa ya jua kidogo kidogo kwa simu. Wenye gesi nao wapime kwa kipimo cha mama mboga.

Tatu, sehemu ya pesa zinazotokana na mashua za wageni ipewe wale wenye mashamba yanayopakana na mafunjo, kwa sharti kwamba mafunjo yamesimama. Hesabu hiyo isomwe hadharani kila mwezi. Asiyefyeka aonekane mwerevu naye.

Nne, kila mtambo wa gesi utakaoletwa uje na kijana wa hapa aliyefundishwa kuutengeneza. Vijana wako wengi, wanakaa tu kwenye mawe wakingoja mashua.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haki hiyo ni nzuri, lakini mama yangu hawezi kuichemshia maharagwe. Itafika jikoni siku tutakapokubali kuandika kila kinacholipwa na anayekilipa. Ziwa hili tumegawana na Tanzania na Uganda, na sehemu yetu ni kama asilimia 6 tu. Mwenye fungu dogo ndiye anayepaswa kuhesabu zaidi.

Anayetaka kujiunga na Daftari la Dunga anione darasani, Kidato cha Tatu, wakati wa chakula cha mchana. Aje na daftari la kurasa 48. Kalamu nitampa.